Bosi kakwama kwenye kigari

Shoga, pokea simu! Mume wangu kafukuzwa kazi leo, kwenye maonyesho ya magari, mbele za watu.

Si unajua alivyohangaika wiki nzima akilinganisha kigari cha kampuni yao na kile cha wapinzani? Mafuta, vipuri, nafasi, vyote anavyo kichwani.

Basi akawaambia wateja, "Kwenye kiti chetu cha nyuma wanaenea watu wazima watatu." Akamkaribisha bosi wake aingie awe mfano. Bosi kaingia, mlango ukafungwa, ukagoma kufunguka. Ukagoma kabisa!

Watu wanavuta, bosi anafoka dirishani. Hapo bibi mmoja akamuuliza mume wangu, "Mwanangu, wewe mwenyewe ungenunua kipi?"

Jasho linamtoka, akajibu, "Cha wale, mama."

Cha wale! Bosi kasikia kila neno. Walipomtoa kupitia kwenye buti, akasema tu, "Basi nenda kwa hao hao."

Aliponisimulia nilicheka, shoga, nikashika mbavu. Kumbe mwenzangu analia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, sijawahi kuyaona machozi yake. Nimemwomba radhi, hata hanitazami.

Njoo, nakuomba. Wewe huwa anakusikiliza.