Paa Linalovuja kwa Makusudi

Hendon, London
2 Septemba 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote hapo Kashozi. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, ila baridi imeanza kunichungulia mapema.

Najua barua zangu sita ulimwachia mama azisome peke yake. Najua pia ulichosema nilipotoka kwa masista wiki tatu kabla ya nadhiri: nisikanyage tena uani kwako. Leo siandiki kubishana. Nina swali la kazi, na fundi wa kuezeka ninayemjua ni mmoja tu.

Nalea watoto wa familia ya Kiyahudi, Tirza wa miaka mitano na Yoni wa mitatu. Mama yao, Judith, amejifungua mapacha na hana nafasi hata ya kuchana nywele. Mwezi wa kumi wana Sikukuu ya Vibanda. Kila familia hujenga kibanda nje, paa la matawi na majani, na hula humo siku saba kukumbuka wazee wao walivyoishi jangwani. Judith kaniambia, "Resti, mwaka huu kibanda ni chako na watoto. Wafurahi tu, mengine utajua mwenyewe."

Mapambo tumeshaanza. Tunakata karatasi za rangi na kuunga minyororo. Mmoja umetoka jikoni umefika mlango wa choo, mwingine Yoni kaubandika kwenye nywele zake kwa gundi. Kuta za mbao zipo stoo. Linalonitisha ni paa, maana mvua ya huku haina msimu. Nina matete na matawi. Nitaizuiaje, Baba?

Mwanao,
Restuta


Kashozi, Bukoba
18 Septemba 1989

Restuta,

Mama yako anakusalimu. Hapa wazima. Goti ni goti.

Matete yakaushe siku tatu. Anzia chini, panda juu. Kila safu ilalie nusu ya safu iliyo chini yake. Vicha viwe vinene kama mkono wako, si wa mtoto, na kamba isilegee. Ukimaliza, mwagia ndoo nzima ya maji, kisha kaa chini yake. Likidondoka tone moja, fumua uanze upya. Naezeka mwaka wa arobaini na moja huu, hajalowa mtu chini ya paa langu. Usianze wewe huko ugenini.

Nani anakushikia ngazi?

Baba


Hendon, London
17 Oktoba 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Ngazi alishika Tirza, na Yoni alimshika Tirza.

Niliezeka siku nne, kama ulivyoagiza. Kisha nikawaketisha watoto chini ya paa, wamevaa viatu vya mvua, nikamwaga ndoo. Wakapiga kelele, "Hakuna tone!" Nikamwaga ya pili. Hakuna tone! Baba, nilijisikia fahari, nikakaa juu ya ngazi nikicheka peke yangu.

Ijumaa mchana akaja baba yake Judith, Mzee Lasker, maana sikukuu ilikuwa inaingia jioni hiyo. Akaingia kibandani, akapapasa matete, akasema hajaona kazi safi namna hiyo tangu azaliwe. Halafu akainua macho juu.

"Restuta," akasema, "na nyota tutazionea wapi?"

Kumbe ndiyo desturi yao! Paa la kibanda litie kivuli, lakini nyota zionekane, na mvua ikinyesha sana ipite. "Hii uliyojenga ni nyumba," akaniambia kwa upole. "Ni nzuri kuliko yangu. Lakini siyo kibanda." Na jua likizama inaingia Sabato, hakuna wa kugusa kazi tena. Saa ilikuwa saa tisa.

Baba, machozi yalinilenga. Paa lingekuwa langu ningelifumua bila kujali, lakini hii ilikuwa kazi yako. Tirza akanivuta sketi.

"Kwa hiyo tunaruhusiwa kutoboa paa?"

Mzee akasema ndiyo. Basi hapo ndipo sikukuu ilipoanza! Tirza alichukua mpini wa ufagio, Yoni mwiko wa jikoni, wakawa wanadunga kutoka chini huku wakiimba. Mimi juu nachomoa kicha kimoja, naacha kimoja. Matete yakawamwagikia vichwani. Mzee Lasker ndiye aliyeshika ngazi, kofia yake imejaa majani. Tulining'iniza tufaha na mahindi na ile minyororo yote, na Judith akawasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato wakati mimi naokota tete la mwisho. Tulipokaa kula, Tirza alihesabu nyota tatu na taa ya ndege.

Jumapili mvua ikaingia kwenye supu. Unaruhusiwa kuhamia ndani ikiwa hivyo, lakini watoto walikataa katakata. Mzee akainua bakuli: "Tazameni, supu imeongezeka!" Jana tumejenga vibanda vidogo kwa biskuti, paa la vijiti vya unga vilivyookwa kwa chumvi. Yoni alikula paa lote, akasema, "Sasa nyota zinaonekana."

Nimetoboa paa lako, Baba. Naogopa kukuambia, lakini kukuficha nilishakuficha mara moja, nilipotoka kwa masista, inatosha.

Mwanao,
Restuta


Hendon, London
26 Novemba 1989

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wiki sita sasa, kimya. Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Hata mistari miwili nitaifurahia.

Mwanao,
Restuta


Kashozi, Bukoba
9 Desemba 1989

Mwanangu Restuta,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima kabisa, mama yako amenenepa. Wewe je? Unakula? Sweta unayo?

Sikunyamaza kwa hasira. Hasira ilinichukua siku moja. Nilimsomea mama yako barua kwa sauti, na watoto wa dada yako Anastasia wakasikia mambo ya ufagio na mwiko. Wakanishika shati: Babu, na sisi utujengee. Nikaona ni kazi ya asubuhi moja.

Ilinichukua mwezi! Mikono imekataa. Naacha nafasi, nikigeuka nakuta nimeiziba. Tulimwaga ndoo mara tatu, halivuji, watoto wananuna. Mara ya nne likavuja, maji yakanipiga shingoni, na mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Majirani walikuja kunipa pole kwamba mzee kazi imemshinda. Nikawakaribisha ndani wakalowa nasi.

Nilikaa humo nimelowa, naangalia watoto wanavyorukaruka, nikakutamani uwepo. Nimekukosa, Restuta. Miaka miwili nilikuwa na hilo moyoni, nikawa naliita hasira.

Nililosema juu ya ua wangu nimelifuta, mama yako ni shahidi. Omba likizo ya Pasaka. Uliondoka alfajiri, kuku hawajashuka, hukuaga mtu. Ukirudi, njoo mchana, upite barabara ya sokoni, watu wote wakuone unakuja kwangu.

Baba yako