Mwende, Nilikuwa na Watu

Mwende wa Kavata,

Nimekasirika mpaka nyundo inanikataa mkononi, na sijui nianze kumkasirikia nani, kwa hivyo nakuandikia wewe. Wiki jana Inspekta aliniambia faili yako inafungwa. Angeandika kwamba ulikuwa peke yako kwa nyumba, ukameza tembe zako za usingizi, ukaanguka kutoka balkoni ya gorofa ya sita, kwisha. Muigizaji mashuhuri, moyo mzito, dawa nyingi. Alisema hivyo huku anatafuta kifuniko cha kalamu yake chini ya meza.

Na mimi ndiye mtu wa mwisho uliyempigia simu. Mimi, ndugu ya mama yako. Halafu mimi ndiye mtu ambaye hakuna anayemwamini. Nikiingia pale kituoni, yule mama wa kaunta anasema, "Musyoka amefika. Leo tunapewa hadithi gani?" Wanacheka, na mimi najifanya kucheka pia.

Wacha nikupe habari za huku kwanza, maana hilo jambo lingine bado sijui nitaliandikaje.

Mama yako bado yuko Ayany kwa ile nyumba uliyomtafutia, lakini kila asubuhi anarudi Raila, mtaa wenu wa zamani, kwa miguu kununua sukuma wiki, anasema ya Ayany haina ladha. Mimi najua si sukuma. Anaenda kukaa na wale mama waliokubeba mgongoni. Tamthilia yako wanairudia kila jioni, na kuta za Ayany ni nyembamba. Akisikia sauti yako kwa jirani, anatoka nje anasimama hapo kwa ngazi hadi iishe. Jirani mmoja aligundua, sasa anapunguza sauti. Wengine hawajali. Saluni ya pale karibu na reli imeweka picha yako mlangoni, ile ya gauni la kijani, na chini wameandika jina lako la skrini, Tamara. Jua limekula uso, gauni tu ndilo limebaki. Nilienda kuwagombeza waitoe. Msichana wa saluni akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye niliyemfundisha kuigiza. Akaniangalia hivi, juu mpaka chini, akasema, "Sawa, mzee."

Na si uongo! Hilo moja si uongo. Nani alikuwa anakupa hadithi ukiwa na miaka saba, umekaa juu ya gunia la sponji kwa karakana yangu hapa Kabiro, Kawangware, mama yako ameenda kufulia watu nguo? Nilikueleza vile nilimfukuza chui kule Yatta nikiwa na gunia tupu. Ukawa chui. Ukawa gunia. Ukawa mimi, na kitambi changu. Wateja wanaacha kuangalia makochi wanakuangalia wewe. Siku nyingine nikasema chui walikuwa wawili, ukasimamisha mchezo, mikono kiunoni: "Anko, jana alikuwa mmoja." Nikakwambia wa pili alikuwa amejificha. Ukafikiria kidogo, ukasema, "Haya basi, huyo wa pili ni mwanamke," ukaendelea.

Nilikuwa na fahari na wewe, Mwende. Kila kochi nililouza tangu uanze kuonekana kwa televisheni nililiuza na jina lako. Mteja akisema mbao si kavu, namwambia Tamara mwenyewe alilala kwa kochi kama hili. Ningeweza kukuambia viti vyangu viko Ikulu, na kama si Ikulu basi nyumba ya karibu na hapo, lakini wewe ulikuwa zaidi ya Ikulu.

Na ulilala kweli. Unakumbuka? Ulikuja mchana umevaa miwani myeusi na kitambaa kichwani. Walikuwa wamekutukana kwa mitandao wiki nzima kwa sababu ya yule mwanamume wa gari jeusi uliyekuwa naye, ambaye wote walijua ana mke isipokuwa wewe. Ulijilaza kwa kochi ambalo sikuwa nimelivika kitambaa, sponji tupu, randa inapiga kelele hapo kando, ukasema, "Hapa ndio hakuna mtu ananiangalia." Ukashikwa na usingizi kama mtoto. Bila tembe.

Na mimi nilifanya nini? Nikatoka nje nikaita watu. "Njooni mwone, Tamara huyu hapa, yuko kwangu." Ulipoamka simu kama kumi ziko juu ya uso wako. Hukukasirika. Uliweka ile tabasamu ya kazi, ukapiga picha na kila mtu, hata na Mama Achieng' anayekaanga samaki hapo nje, mafuta yakiwa bado yako kwa mikono yake. Wakati wa kuondoka ulinishika bega ukasema, "Anko, wewe nawe." Maneno matatu tu. Mimi nikasikia kama sifa.

Sasa lile jambo.

Ulikufa, na ndani ya siku tatu nilikuwa nimesema maneno mengi kuliko redio. Siku ya kwanza kituoni nilimwambia Inspekta tuliongea na wewe karibu saa nzima, ukanilia, nikakupa mawaidha. Wakaja watu wa kamera, wale wa kuweka video kwa simu za watu, wakanisimamisha mbele ya karakana, wakaniwekea maikrofoni ndogo kwa kola. Mwende, mtu akikuwekea kitu kama hicho kwa kola, na watu wamejaa mpaka kwa mtaro, utasema hujui? Nikasema kuna Mzungu mwenye jino la dhahabu alikuwa anakufuata. Sijawahi kuona Mzungu mwenye jino la dhahabu maisha yangu yote. Sasa kuna watu wanamtafuta! Kuna mmoja amechora mpaka picha yake.

Halafu mazishi, kule nyumbani Kitui. Nilipewa nafasi kama mjomba. Nikasimama nikasema uliniomba nikuombee kwa simu, na kwamba neno lako la mwisho duniani lilikuwa "Amina." Hema nzima ililia. Pasta alivua miwani. Mama yako akasimama akanikumbatia mbele ya watu wote, akasema kwa Kikamba kwamba angalau hukuondoka bila mtu wako. Na tangu siku hiyo ndilo neno analolalia.

Walikuwepo watu wawili kwa ile hema waliojua nasema uongo. Mzee Kariuki, mwenye ploti yetu, aliyesafiri kutoka Kabiro na kofia yake ya Jumapili, na Mama Achieng'. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake. Hawakusema kitu, kwa sababu nani humsimamisha mwenye msiba akiwa ameshika maikrofoni? Unaacha aseme, unakula, unarudi nyumbani. Ndivyo tulivyo. Mzee Kariuki aliniambia juzi, "Wewe ndiye mwenye maiti, Musyoka. Mimi ni mpangishaji tu."

Kwa sababu ukweli ni huu, na wewe unaujua kuliko mimi.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni. Nilikuwa nje na hao wawili na watu wengine watatu wanne, tunazungumzia wewe. Walikuwa wamekataa kwamba huwa unanipigia simu. Mzee Kariuki alisema, "Huyo msichana ana namba yako kweli, ama ni wale chui wako?" Simu ikalia hapo hapo. Jina lako. Mwende, nilihisi kama Mungu ameniona. Nikaiweka spika, nikainua juu kila mtu asikie.

Ukasema, "Anko, uko peke yako?"

Nikawakonyeza. Nikasema, "Niko peke yangu, mama, sema."

Ukasema, "Ufunguo wangu haufungui mlango, na kuna watu ndani. Mmoja ananiita Mwende. Ananiambia niingie tuongee. Niingie, ama nije kwako?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Achieng' akapiga kelele, "Tamara wetu! Salimia watu wa Kabiro!" Wakaangua kicheko wote. Na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimeshinda ubishi.

Nilisikia unapumua. Ukasema, "Sawa, Anko. Nitakupigia ukiwa peke yako."

Basi. Dakika moja na kitu. Inspekta anayo kwa karatasi kutoka kampuni ya simu, ndiyo maana aliacha kuniamini tangu siku ya kwanza: saa nzima yangu ilikuwa dakika moja. Asubuhi ya Jumapili mlinzi akakupata chini.

Usiingie. Ni neno moja. Mimi mwenye maneno ya kujaza lori nilikosa hilo moja. Usiingie, njoo, nitakutengea kochi. Ningelisema hata kwa spika, hata mbele ya watu wote wa Kawangware. Nakasirika! Nawakasirikia waliokuwa ndani kwako. Namkasirikia yule wa gari jeusi ambaye hakuja hata mazishini, alituma maua yenye kadi bila jina. Nakukasirikia hata wewe, kwa nini hukupiga tena, kwa nini ulinihurumia nisiaibike mbele ya wageni wangu? Halafu hasira inazunguka Kabiro yote inarudi kulala kwangu.

Kwa hiyo wiki jana Inspekta aliposema anafunga, niliona jambo ambalo hata mtu wa darasa la sita kama mimi anaweza kuliona. Yeye anasema ulikuwa peke yako. Wewe ulisema kuna watu ndani. Na mashahidi wapo, tena wengi, kwa sababu ya upumbavu wangu. Lakini siwezi kuwaleta bila kusema kwamba uliponiuliza kama niko peke yangu nilikudanganya. Na siwezi kusema hivyo kituoni kabla ya kusema kwa mama yako. Nisingeweza kumwacha aambiwe na video.

Nilienda Ayany Jumatatu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikafika yote yamekimbia. Nikamweleza. Nilipofika kwa maneno yako, bila kufikiri, sauti yangu ikawa nyembamba kama yako, nikaweka mkono shingoni vile ulivyokuwa ukifanya. Unajua mimi. Mama yako akasema, "Usiigize, Musyoka. Sema tu."

Nikasema tu. Niliona ni ngumu kuliko kubeba kabati peke yangu.

Hakulia. Akauliza, "Kwa hivyo hakusema Amina." Nikasema hakusema. Akauliza, "Alikuuliza kama aingie, na nyinyi mkacheka?" Nikasema tulicheka. Akainuka akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Akakiosha, akakiosha. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikaganda juu. Alipogeuka alisema, "Nenda ukawaambie polisi hivyo hivyo. Na usirudi hapa mpaka nikuite." Mwende, ni dada yangu wa pekee. Hajaniita.

Jumanne nilienda na Mzee Kariuki na kofia yake, na Mama Achieng', ambaye alifunga biashara siku nzima na alilia njia nzima akisema, "Ni mimi nilipiga kelele, ni mimi." Inspekta aliponiona alisema, "Mzee, hii ni ofisi, si kilabu cha busaa." Nikamwambia sikuja kuongea, nimekuja na watu waongee, na yeye atuulize mmoja mmoja, milango ikiwa imefungwa. Hapo ndipo aliweka kalamu chini akaniangalia mara ya kwanza kama mtu.

Alituuliza mmoja mmoja. Mama Achieng' ndiye alikaa sana. Zamu yangu ilipofika, Inspekta akaniambia Mzee Kariuki amekumbuka kitu mimi sikukumbuka: kwamba sauti ya mwanamume ilisikika nyuma yako ikisema "Mwende, acha simu." Nilitaka kusema hata mimi niliisikia. Ilikuwa hapa kwa ulimi. Inspekta akauliza, "Na wewe uliisikia?" Nikasema, "Hapana. Nilikuwa nacheka." Aliandika hivyo. Nikaweka sahihi.

Faili haijafungwa. Sisemi wamempata mtu, hawajampata. Mlinzi wa jumba lenu, aliyesema hakuona mtu yeyote, ameitwa tena, na Inspekta amesema jambo hili litaenda mbele ya hakimu, tutaitwa wote, na watu wa magazeti watakuwepo. Wale wa kamera walikuja jana wakaniuliza habari mpya ya jino la dhahabu. Nikawaambia hakuna Mzungu, nilimtunga, wafute. Wakasema hiyo haiwezi kutazamwa na mtu. Wakaenda kumhoji mwenye saluni.

Wacha niache hapo, mama. Kaa salama huko uliko, mahali ambapo nina hakika hakuna anayekuelekezea simu usoni. Siku ya hakimu nitavaa lile koti uliloninunulia, na mama yako akikaa kiti cha nyuma kabisa na asiniangalie, nitasema hivyo hivyo. Nitasema uliniuliza kama niko peke yangu, na nikasema ndiyo, na nilikuwa na watu. Sitaigiza sauti yako. Wakicheka, wacheke.

Ni mimi, anko wako,
Musyoka