Mama Hamtaki Mchumba Wangu kwa Sababu Anapima Choo

Shangazi, shikamoo. Miaka yote nakusoma nikidhani matatizo ni ya wenzangu, sasa yamenifika shingoni na naomba uninusuru. Mchumba wangu ni mtaalamu wa maabara hospitalini, kazi yake kubwa ni kupima choo cha watu wanaoharisha na kutapika, na mama yangu tangu aijue kazi hiyo hapokei hata kikombe cha chai mkononi mwake, nami nikasema ngoja, atazoea. Basi Jumapili binti akaja nyumbani, tukala vizuri, tukamalizia na mapapai, kufika Jumanne nyumba nzima tunagombania msala, hata mchumba mwenyewe kaugua huko kwake, na dada yangu akazidiwa hadi akatundikiwa dripu. Wakampima, kwa hadubini hawakuona kitu, wakapeleka sampuli kwenye ile mashine inayotafuta vinasaba vya virusi, jibu likaja ni norovirusi. Nikashukuru walau tumejua, kumbe nimeshangilia mapema, maana mama akasema si ndivyo hivyo vidudu anavyoshinda navyo kutwa, katuletea kwenye mkoba. Mchumba akashauri mama naye apimwe, mama akamaka: "Nimpe mkwe choo changu akichungulie?" Sasa ametoa sharti, binti aache kazi au harusi hakuna, na Jumapili hii wajomba zangu wanakuja kutia muhuri.

Kinachoninyima raha, Shangazi, ni kwamba Jumamosi ile, kabla mchumba hajafika, nilimsikia mama akitapika bafuni, akaniambia nisimwambie mtu, ni uchovu tu, na kesho yake ndiye aliyemenya na kukata mapapai kwa mikono yake. Nilipomweleza mchumba wangu hakugomba, alisema tu, "Usiniambie mimi. Waambie wao." Nampenda sana, lakini huyu ni mama, nitamwumbuaje mbele ya kaka zake?

Mtoto wa Mama

Marahaba, Mtoto wa Mama. Jina umejichagulia mwenyewe, mimi simo.

Poleni kwa kuugua. Sasa tuondoe ujinga kwanza. Mtu wa maabara huvaa glavu na koti, na akimaliza kazi ananawa mikono kuliko wewe unavyoosha sahani. Anaweza kuambukizwa? Yeyote anaweza. Ila aliyekuwa akitapika kabla ya mgeni kufika hakuwa yeye, na ulisikia kwa masikio yako. Norovirusi hubaki mikononi mwa mgonjwa, huingia kwenye tunda lisilopikwa, na baada ya siku moja au mbili meza nzima inashika tumbo. Hapo bado unauliza?

Usimkimbize mama maabara. Mashine itataja kirusi, haitamtaja aliyeanza, na hata akikutwa na kilekile cha dada yako, wajomba watasema naye kaambukizwa na mkwe. Unachokijua wewe hakipimwi, kinasemwa. Lakini umekaa nacho kimya huku binti wa watu akiangushiwa jumba bovu, naye mwenyewe aliugua kwa mapapai yenu. Aibu, mwanangu.

Hakuna haja ya kumwumbua mtu. Leo hii mfuate mama chumbani mkiwa wawili, mweleze kwamba kuugua si kosa wala si uchafu, ila kumbebesha mwingine lawama ni dhuluma. Mpe nafasi aseme mwenyewe Jumapili. Akikataa, utasema wewe, kwa adabu, kabla wajomba hawajakata shauri. Kazi ya mchumba wako isiwekwe mezani kabisa. Na kuanzia sasa, anayetapika nyumbani kwenu asiguse chakula cha wenzake mpaka zipite siku mbili tangu apone, na anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, maana ile dawa ya spiriti mnayojipaka mikononi haikiwezi vizuri kirusi hiki.

Mchumba wako hushika choo cha watu asiowajua, bila kukunja uso, ili wapone. Wewe umeombwa sentensi moja. Itamke, au mwache atafute mtu mzima.