Nilisubiri Umalize Kwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, kwa Kisukuma chetu, maana shikamoo tupu huwa unaiitikia shingo upande. Goti la kulia limetulia? Pamba ya huko Mhunze imeotaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio wenye mambo.

Tangu nikose kuja kumzika bibi hatujazungumza. Ulinipigia mara moja, ukafoka, "Hata konzi moja ya udongo, Kabula!" Nikakata simu. Kisha nikamwambia mama, "Baba akimaliza hasira nitamsikiliza." Nikajiona nina busara kweli.

Sasa nikusimulie yaliyonipata. Hapa Geita nipo kwenye maabara inayopima mawe ya wachimbaji. Nimeandika programu ya kutoa majibu, lakini yenyewe haiwezi kusema na mashine ya kupimia. Ndani ya kompyuta ipo programu nyingine, ya zamani, inayoijua mashine ile. Yangu huiamsha na kuituma, nayo hurudisha majibu kupitia kitu kama mrija kati yao. Kumbuka ulivyokaa katikati ya bibi na nesi kule hospitali ya Kolandoto, huku Kisukuma, huku Kiswahili. Ndiyo kazi ya ile programu ya zamani.

Mawe yakiwa machache, mambo safi. Wiki iliyopita wachimbaji wakaleta viroba tele, na kila kitu kikasimama. Hakuna kosa lililoandikwa, kimya tu. Nikazima, nikawasha, wapi! Sikufichi, nilikwenda kulia chooni, na wenye mawe wako kwenye benchi wananingoja.

Deus, Msumbwa wa Ushirombo ninayekaa naye meza moja, akasoma nilichoandika, akacheka.

"Kabula, umeiambia programu yako isubiri mwenzie amalize ndipo imsikilize. Mwenzie ana maneno mengi, mrija umejaa, hana pa kuyaweka. Atamalizaje na mdomo umejaa?"

Kumbe zote mbili zilikuwa zinangojeana! Nikabadili mistari michache, isikilize huku mwenzie anasema, kidogo kidogo. Majibu yakatoka, watu wakaenda zao. Mimi nikabaki nimekaa pale, baba, nakuwaza wewe.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini bibi alipofariki. Niliona woga kuomba ruhusa. Hiyo ndiyo sababu yote, na mbele ya kaburi la bibi ni ndogo mno. Naumia. Nisamehe.

Msalimie mama, mwambie maneno yangu yale ya busara ayasahau. Kaka Masanja anayechunga ng'ombe wetu, na shangazi aliyekaa na bibi mpaka mwisho, nawasalimu sana.

Jumapili nikitoka misa nitakupigia. Foka, baba. Anzia pale pale kwenye konzi ya udongo. Sitakata, wala sitasubiri umalize ndipo nikusikilize.

Mwanao,
Kabula