Mti wa Mizinga Minane

Jumamosi, 3 Mei

Nimerudi na picha sifuri. Sifuri! Masaa matano ya kutembea porini, magoti yanalia, umande umeingia mpaka kwenye soksi, halafu mtu asiye na adabu ameacha dumu la njano katikati ya bonde. Ukungu ulikuwa umelala vizuri, jua ndiyo kwanza linachungulia, kila kitu kimekaa mahali pake – na dumu. Nikashuka kulitoa. Kufika chini, kumbe si moja, ni matatu, na wenyewe ni wanawake wawili wanachota maji. Nikawaomba wasogee kidogo. Mmoja akaniuliza wasogee waende wapi, maji yako hapa. Mpaka wamalize kujaza, ukungu umekwisha. Nikawanunia. Wakanishangaa tu, wakajitwika madumu yao wakaenda.

Na kingine: miti ya kando ya njia imepigwa rangi nyekundu. Kila baada ya hatua ishirini, alama! Ushenzi gani huu? Sasa nikija kuipiga picha itabidi nikae kwenye kompyuta nizifute moja moja, kana kwamba sina kazi nyingine.

Jumatatu, 5 Mei

Studio. Watu kumi na tisa wa picha za pasipoti, na mtoto mchanga aliyetapikia kile kitambaa cheupe cha nyuma. "Inua kidevu. Shusha kidevu. Usicheke." Miaka kumi na moja nasema maneno hayo hayo.

Halafu bosi akaja na barua. Mtaa mzima unamwita Fleshi kwa sababu hawezi kutulia sekunde mbili. Kaishika juu kama vile kashinda yeye. Nimepata! Kitabu cha misitu – miezi sita ya kutembea na kupiga picha, hakuna kidevu cha mtu. Wamenichagua kwa ajili ya ile picha yangu ya mti, iliyoshinda mashindano ya mwaka jana kwenye kundi la "Pori Lisiloguswa". Nisaini na kurudisha kabla ya Jumatano ya wiki ijayo. Fleshi akaniomba nisimsahau nikishakuwa mkubwa. Nikamwambia nitamsahau siku hiyo hiyo ya kwanza.

Jioni shangazi kapiga simu. Furaha yote ikaishia hapo.

Zile rangi nyekundu ni mpaka. Kampuni ya kambi ya watalii imepewa msitu, wanaweka uzio. Mwenye kitu ndani alete ushahidi kwamba kilikuwepo kabla ya Januari mwaka huu, la sivyo kinaondolewa. Mkutano ni Jumanne ya wiki ijayo. Shangazi ana mizinga minane ya nyuki mle, ile ya magogo aliyoachiwa na babu, na yote inaning'inia kwenye mti mmoja. Mti ule ule wa picha yangu.

Hana wasiwasi hata chembe. Kasema, "Ushahidi si unao wewe? Ulipiga picha pale pale."

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata.

Jumatano, 7 Mei

Acha niandike hapa maana hakuna wa kumwambia.

Mizinga niliifuta.

Agosti mwaka jana shangazi ndiye aliyeniamsha, akanitangulia mpaka kwenye mti, akasimama kwenye manyunyu akiishikilia kamera yangu mwavuli. Yeye mwenyewe akilowa. Akauliza kama mizinga inaonekana. Nikamjibu inaonekana vizuri sana. Kisha nikakaa kwenye kompyuta siku tatu nikiiondoa mmoja baada ya mwingine na kupaka majani mahali pake, kwa sababu magogo yanaharibu pori. Na kwenye fomu ya mashindano kulikuwa na mstari: sijaongeza wala kuondoa kitu chochote katika picha hii. Nikasaini.

Lakini nani hafuti? Waya za umeme, mifuko ya plastiki, watu. Fleshi anawafuta watu chunusi kutwa nzima, hajaitwa mwongo hata siku moja!

Picha ya asili ipo. Iko kwenye kadi, kwenye droo ya soksi. Mizinga minane, mtoto wa chekechea anaweza kuihesabu. Nikiitoa, ushindi unakwenda, kitabu kinakwenda, na jina langu linafuata. Nitainua watu videvu mpaka nizeeke.

Nimemkasirikia shangazi. Msitu mzima ule, miti yote ile, ilikuwa lazima atundike pale?

Ijumaa, 9 Mei

Kampuni wametoa kijitabu. Kwenye jalada – picha yangu! Watu wa mashindano ndio waliowapa, na fomu niliyoisaini inawaruhusu. Chini yake wameandika kwa herufi kubwa: ARDHI AMBAYO MKONO WA MTU HAUJAFIKA.

Nimekipasua vipande vipande. Fleshi, kwa moyo wake mzuri, akaniletea kingine niweke kumbukumbu.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kwa shangazi. Nilikuwa nimepanga njia nzima nitakachosema.

Alikuwa kibarazani anasokota kamba ya kupandia mti. Ana miaka sitini na mbili na bado anapanda mwenyewe, hataki msaada wa mtu. Nikampa kijitabu. Akakiangalia kwa karibu, kisha kwa mbali, akaenda kuchukua miwani, akakiangalia tena. Nikamwambia yote. Na fomu pia.

Hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Ilikukera nini?"

Nikasema haikunikera. Nikasema ni mambo ya picha tu, watu wanataka pori liwe pori. Maneno mengi, hata mimi mwenyewe niliyachoka. Akasema haya. Akaendelea kusokota. Baadaye kidogo akataka kujua watanifanya nini nikiionyesha ile nyingine. Nikamweleza: kitabu basi, na hakuna atakayenipa kazi ya picha tena, labda Fleshi. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Angenitukana! Angenitandika na kamba ile ile, nina uzima wangu ningevumilia. Yeye ananiuliza kama nimekula. Nimetembea kurudi nikipiga mawe mateke mpaka kidole gumba kimevimba.

Jumatatu, 12 Mei

Mama anayesimamia kile kitabu cha misitu kapiga simu, mbona sijarudisha barua. Nikasema kesho.

Nimeihamishia picha ya asili kwenye simu. Haina maana yoyote. Nimeihamisha tu.

Jumanne, 13 Mei

Naandika hapa hapa mkutanoni, darasa la shule, nimejibana kwenye dawati la watoto. Tumepewa mapumziko ya dakika kumi. Nina hasira, mwandiko wenyewe hausomeki.

Shangazi aliitwa wa nne. Afisa wa ardhi akanyanyua kijitabu, akamuuliza kama mti anaoudai ni huu. Akasema ndiyo. Akamuuliza, basi mizinga iko wapi? Mwanasheria wa kampuni akatabasamu. Mimi nimekaa mstari wa tatu, simu mfukoni, mkono juu ya simu. Nilikuwa nasimama. Naapa nilikuwa nasimama.

Shangazi akasema, "Picha haina kosa. Mizinga niliipandisha baadaye. Mwezi wa pili mwaka huu."

Fundi seremala, jirani yake, aliyemchongea vifuniko vya mizinga ile miaka sita iliyopita, akasimama akamuuliza anasema nini. Shangazi akamwambia akae chini, ameulizwa yeye.

Afisa akaandika. Akasema ataandaa maelezo yake ayasaini, kisha mizinga iteremshwe ndani ya wiki mbili. Akatoka na karatasi.

Nani kamwambia anitetee? Nani kamwomba? Mizinga ya baba yake, iliyokuwepo mimi sijazaliwa! Nikamfuata kwenye benchi lake nikamwambia huku nimeuma meno kwamba hana haki ya kufanya hivi. Hakuniangalia. Anatafuta miwani kwenye mkoba. Kasema nirudi nikakae, watu wanatazama.

Nimerudi. Nimekaa. Ndivyo nilivyo.

Afisa kaingia. Kaiweka karatasi mbele ya shangazi, anamwonyesha pa kusaini. Shangazi anasaini – kalamu haiandiki. Anaikung'uta. Bado. Afisa anapapasa mifuko, hana nyingine, anauliza nani ana kalamu. Hakuna anayejibu. Shangazi kageuka, kaniona nikiandika.

Ananyoosha mkono.

"Mwanangu, niazime hiyo yako."