Asubuhi Baiskeli Yako Haikulia

Kaka Issa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikakaa kulitazama. Wewe ulikuwa unaitikia marahaba kabla sijamaliza kulitamka, kwa makusudi, ili unicheke. Sasa limebaki peke yake kwenye karatasi.

Ni miezi mitatu. Mama na mimi tumevuna alizeti. Mwaka huu imezaa sana kwa sababu ya mvua, na kila anayesema hivyo mbele ya Mama hukatiza maneno katikati, maana Mama huwaambia watu kwamba mvua ndiyo iliyokuchukua. Anasema njia ililoa, gurudumu likateleza pale kwenye kona ya korongo. Watu wanatikisa kichwa. Mimi nageuka naenda jikoni.

Jumamosi wanakuja wale wageni sita wa kutoka Dodoma mjini uliowapangia safari wewe mwenyewe. Waliahirisha kwa ajili ya msiba, sasa wamepata likizo tena. Wataangalia michoro ya miambani hapa Kolo, kisha watapandishwa vilimani kwa pikapu na kuteremka kwa baiskeli, siku tatu, kila siku mteremko wake. Rafiki yako Jumanne ndiye kiongozi sasa. Kila siku baada ya alasiri yuko uani kwetu na wale vijana watatu anaowafundisha, kwa sababu baiskeli bado ziko kwenye banda lako. Wanajaza upepo, wanajaribu kofia ngumu, wanashona kinga za magoti zilizochanika. Anajitahidi, Kaka. Ila hajui kuimba akikaza nati kama wewe, kwa hiyo uani kumekuwa kimya.

Amesema nipande mkiani, nyuma ya wageni wote, pale uliponiahidi shule zikifungwa. Baiskeli yako ameinyoosha, akaweka magurudumu mapya, akanishushia kiti. Mama amekubali, eti wewe ungependa. Mimi sikusema kitu. Unanijua. Watu wakiona nimenyamaza wanadhani nimekubali.

Wiki iliyopita Jumanne alinipa kile kijitabu cha Kiingereza kilichokuja na baiskeli, akaniomba nikiandike kwa Kiswahili ili vijana wakisome. "Wewe ndiye msomi wetu," alisema. Nilifurahi, nisikufiche. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke niliamka nikiwa na kitu cha kufanya. Niliandika jinsi ya kukaa kwenye mteremko, jinsi ya kusogeza uzito nyuma, umbali wa kuachiana. Kisha nikafika ukurasa wa breki.

Unakumbuka siku ile kabla ya ajali? Ulirudi umejaa tope, ukaniomba niioshe baiskeli wakati wewe unakwenda kuswali. Niliiosha. Nilipozungusha gurudumu lilikuwa linalia, sauti nyembamba inayokera. Marehemu Baba alikuwa akitengeneza baiskeli za mizigo za kijiji kizima, na kitu kikilia dawa yake ilikuwa moja, mafuta. Tulikua tunaona hivyo. Nilitafuta kopo lake la oili chafu, halikuwepo. Nikachukua mafuta ya alizeti jikoni, nikapaka kwa unyoya wa kuku, kama alivyokuwa akipaka yeye. Nilipaka ile sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu, mbele na nyuma. Nilipaka kwa uangalifu, kama mtu aliye kwenye mtihani.

Asubuhi ulikuwa unakwenda kuikagua njia kabla ya wageni. Uliiinua baiskeli kwenye pikapu, ukalizungusha gurudumu kwa kidole. "Leo hailii," ulisema. "Nani kaiponya?"

Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilitabasamu tu. Nilitaka ujue bila mimi kusema. Wewe ulikuwa unajua breki zile kuliko mtu yeyote; ningesema maneno mawili tu ungeishusha ile baiskeli. Pikapu ikaondoka.

Kijitabu hakikusema kwa ukali. Kilisema sahani ile isiguswe hata kwa vidole, na ikipata mafuta breki hazishiki tena. Niliyatafsiri maneno hayo. Niliandika kwa mwandiko ule uliokuwa ukiusifu. Kisha nikaenda jikoni, nikalisukuma dumu la mafuta mpaka ukutani.

Nilijiambia hakuna anayejua. Lakini jana Jumanne alitoa sahani ya zamani ya breki yako kwenye mfuko akawaonyesha vijana. Alisema siku alipoifungua ilikuwa inanuka alizeti. Alisema hajamwambia Mama. "Issa, fundi mzima," alisema, "sijui siku ile alikuwa na nini. Msije mkafanya kama yeye."

"Labda alitaka kukaanga maandazi," alisema Saidi, yule mdogo wao. Wakacheka. Jumanne naye alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa, akafuta macho kwa mkono wenye grisi.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nimeweka kijitabu magotini. Walikuwa wanakucheka wewe, na nilinyamaza. Mara ya pili.

Nimejaribu kuona mahali ambapo hili linaishia vizuri na sipaoni. Nikinyamaza, watakutaja kila watakapofundisha kijana mpya, wewe fundi mzembe. Nikisema, Mama atapoteza mvua. Sasa hivi anacho kitu cha kulaumu ambacho hakiishi nyumbani mwake, hakili naye sahani moja. Baada ya hapo atakuwa na mimi. Na pengine ilikuwa mvua kweli. Hilo nalo nimeliwaza mpaka limechakaa. Sitajua kamwe, na kujua kusingekurudisha.

Kijitabu nimekimaliza. Ukurasa wa breki nimeupigia mstari mara mbili. Kofia uliyoninunulia nimeirudisha kwenye msumari wake. Jumamosi sitapanda.

Leo ni Alhamisi. Kesho watu wakitoka msikitini Jumanne na vijana watakuja kukaza vitu vya mwisho. Kabla hawajafika nitakuwa nimekaa na Mama jikoni, karibu na dumu la mafuta, nimwambie. Sijui atanitazamaje. Kisha nitatoka uani, nisimame mbele ya Jumanne, na mbele ya Saidi pia, nami sitatabasamu.

Lala salama, Kaka yangu. Nakuombea kila sala, ingawa sijui kama nastahili kukuombea. Sina zawadi nyingine ya kukupa isipokuwa jina lako liwe safi, na nakuahidi kesho litakuwa safi.

Uliuliza nani kaiponya.

Ni mimi, Kaka.

Mdogo wako,
Rukia