Somo la Moyo Chini ya Mabati

Jumanne, usiku

Na mabati yale ya paa la darasa nimeyalaani mwaka mzima! Mvua ikinyesha tu, somo limekufa. Wanafunzi wanageuka soko la Kimironko, mimi nabaki napayuka peke yangu.

Leo ilishuka nikiwa katikati ya somo la moyo. Nikapaza sauti mpaka koo likakauka, kisha nikaketi, nimenuna.

Ndipo Divine, yule binti anayesinzia kwenye dawati la nyuma, akaja mbele bila kuombwa. Akakunja ngumi kifuani, akaikunjua. Kwa mkono wa pili akaonyesha damu ikiingia, ikipita mapafuni, hapo akavuta pumzi, ikirudi, ikisambaa mwilini. Hakufungua kinywa.

Darasa zima likamfuata. Mvua ikakatika, na bado ngumi zao zilikunjwa na kukunjuliwa pamoja, kimya kabisa.

Baadaye nikamwuliza Divine alijifunzia wapi.

"Mama yangu hasikii, mwalimu. Nyumbani tunaongea hivi."

Na mimi niliyedhani watoto wa siku hizi...

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umekunja ngumi juu ya meza, unaifungua, unaikunja tena.